Macho Makavu Baada ya Hedhi Kukoma: Kanda Kope Hivi

Asalaam aleikum mama zangu, shangazi zangu. Ikiwa hedhi imeshakoma na macho yanakuchoma kama yameingia mchanga, hasa kaskazi ikivuma hapa Mombasa, kaa nami tukande macho.

Najua utasema, "Lakini mimi machozi yanatiririka!" Ndiyo, jicho likikauka hujitetea kwa kumwaga maji, ila maji matupu hayakai. Yanataka utando wa mafuta juu yake, nayo mafuta hutoka kwenye vitezi vya ukingo wa kope. Tazama kwenye kioo, nyuma tu ya nywele za kope: vile vitundu vidogo. Vitezi hivyo hutegemea homoni za androjeni, zile ziitwazo za kiume, ambazo sisi wanawake pia tunazo, nazo hupungua umri ukisonga. Mafuta huwa mazito kama samli ya kwenye friji.

Nawa mikono. Futa wanja wote, maana huziba vitundu hivyo hivyo.

Changanya maji ya moto ya chupa ya chai na ya baridi, yawe moto wa kuvumilika. Chovya kitambaa safi, kamua, kijaribu kwanza kwenye mkono, kisha fumba macho ukiweke. Hapa ndipo wengi hukosea: kitambaa hupoa baada ya dakika 2 hivi, na mtu bado amekilalia. Chovya tena, na tena, hadi dakika 10 zitimie. Ndiyo maana nimeiweka chupa karibu.

Sasa kidole. Kope ya juu isukume polepole kwenda chini, ya chini kwenda juu. Usibonyeze jicho lenyewe. Fanya kila siku.

Matone ya machozi bandia yanasaidia. Ukiyatia zaidi ya mara 4 kwa siku, mwambie mfamasia akupe yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia matone yasiharibike. Feni isikupulize usoni, na Piriton, ile dawa ya mzio, pia hukausha macho.

Nawasihi, msikimbilie vidonge vya homoni kwa ajili ya macho. Utafiti wa Marekani wa 2001, wa wanawake zaidi ya 25,000, ulikuta macho makavu zaidi kwa waliotumia estrojeni, homoni ya kike, peke yake kuliko wasiotumia. Ikiwa daktari amekuandikia kwa sababu nyingine, usiache mwenyewe. Mweleze habari ya macho.

Kinywa kikikauka pia na viungo vikiuma, mwambie daktari hayo yote pamoja. Na jicho likiuma sana, likishindwa na mwanga au uoni ukipungua, weka kitambaa chini, nenda kwa daktari wa macho leo hii.