Benchi la Kliniki

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu: walionizidi umri, shikamooni. Wanafunzi wa ukunga mliolala huko nyuma, amkeni.

Nimeombwa nizungumzie lishe ya mjamzito. Lishe mtaisoma. Mimi nitazungumzia benchi.

Mnalijua: lile la mbao nje ya chumba cha kupimia, akina mama wamebanana, kadi mapajani. Huyu anamuuliza mwenzake, "Hiyo ya ngapi?" Yule kafunga kipande cha pemba, ule udongo wa kutafuna, kwenye ncha ya kanga, anatafuna akidhani hatumwoni. Kwa miaka mingi kwangu ilikuwa foleni tu. Kelele zikizidi, natoa kichwa mlangoni: "Akina mama, hapa si sokoni!"

Siku moja nikawanyamazisha hivyo, na mmoja akakataa kunyamaza. Mimba yake ya nne. Alimshika mkono binti wa jirani, mimba ya kwanza, akaunyanyua kama anayemshitaki. "Nesi, pete ya huyu wiki iliyopita ilikuwa inazunguka. Leo hebu itazame." Kidole kimeumuka huku na huku, pete imezama katikati. Binti anacheka kwa aibu: joto tu, dada, na kichwa kinauma kwa sababu ya jua. Alikuwa wa kumi na saba kwenye foleni. Presha 170 kwa 110, mkojo una protini. Tulimchoma magnesiamu kabla kifafa cha mimba hakijamwangusha.

Kwenye kadi hakuna mahali pa kuandika pete. Mimi humwona mama dakika kumi kwa mwezi, tena akiwa amejikaza mbele ya nesi. Yule dada na binti huyo walikuja njia moja na kurudi njia moja. Mimba tatu zimemfundisha kwamba miguu kuvimba jioni ni jambo moja, na mikono na uso kuvimba ni jambo lingine.

Wapo waliolipima jambo hili la wanawake kufundishana. Wilaya ya Makwanpur, huko Nepal, wanawake wa vijijini walikutana kila mwezi na mwezeshaji wa hukohuko kwao, mwanamke mwenzao. Hakuwahutubia kama ninavyowahutubia ninyi. Walijadili yaliyowapata, wakachanga fedha za dharura, wakaandaa machela na vifaa safi vya kujifungulia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: vifo vya watoto wachanga vilikuwa pungufu kwa asilimia 30 kuliko kwenye maeneo yasiyo na vikundi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vikundi vya namna hiyo, hasa vijijini ambako huduma ni haba.

Lakini msinielewe vibaya. Benchi hilohilo linafundisha kunywa mitishamba ya kuharakisha uchungu, na kula kidogo ili mtoto asiwe mkubwa. Hapo nesi mgeni hukimbilia kukemea. Ukikemea, dawa hainywewi mbele yako, inanywewa usiku, nawe utashangaa leba kwa nini uchungu umekuja kwa fujo. Kaa nao. Muulize aliyeinywa ilimfanyaje, wenzake wasikie kwa kinywa chake.

Kwa hiyo zamu ya Jumatatu: mashine ya presha itatoka chumbani na kukaa nje, na kila mmoja wenu aje na kigoda. Atakayesema "hapa si sokoni" nitamrudisha bwenini.

Haya, maswali.