Je, n ni hasi 1? Kuchagua programu ya aljebra

(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa hisabati, Iringa)

Kamwene, ndugu zangu. Walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nimeombwa niseme ni programu ipi ya aljebra, yaani ya kompyuta inayokokotoa kwa herufi na si kwa namba tu, inafaa kwa kazi zetu. Naanza na amri moja, niipe programu nne: Mathematica, Maple, SymPy na Maxima. Chukua x kwa kipeo cha n, iambie kompyuta ifanye intigresheni. Kijana wa kidato cha sita analijua jibu: ongeza 1 kwenye kipeo, gawanya kwa kipeo kipya. Mathematica inakupa hilo hilo, papo hapo. Maple vilevile. SymPy, inayotumika ndani ya lugha ya programu ya Python, inakupa jibu lenye matawi mawili: n isipokuwa hasi 1, chukua hili, ikiwa hasi 1, chukua logi ya x (ile ya ln). Maxima haikupi chochote. Inasimama na kukuuliza: je, n ni sawa na hasi 1? Usipoijibu, haisogei.

Najua wapo wanaokerwa na tabia hiyo. Mimi ndiyo iliyonifanya niipende. Mathematica haijakosea, jamani. Imejibu kwa n ya kawaida, ikiamini unajua mwenyewe kwamba kuna n moja inayovunja kanuni. Mtafiti aliyekomaa hana tatizo na hilo. Lakini tuseme jibu hilo umelitia ndani ya hesabu ndefu, na hatua ya 30 n inageuka kuwa hasi 1. Hapo unagawanya kwa sifuri na hukumbuki tena sharti liliachwa wapi. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokitazama kwenye programu ni namna inavyoshughulikia masharti. Kasi na michoro mizuri vinakuja baadaye.

Jaribu pia kipeuo cha pili cha x mraba. Darasani tunasikia "x" kila mwaka, na kila mwaka tunakata alama. Maxima inatoa thamani halisi ya x, yaani x bila kujali alama yake. SymPy inaliacha lilivyo mpaka uitangazie x ni namba ya aina gani: ukisema ni chanya, inatoa x, ukisema ni namba halisi tu, inatoa thamani halisi. Mwalimu anayetafuta kipindi kizuri cha kidato cha tano, hicho hapo, dakika 40 zinatosha.

Walimu wasahihishaji, lipo moja la kwenu. Katika hizi nne nilizozitaja, hakuna inayoandika "+ C" mwishoni mwa intigrali isipokuwa uiagize. Na kwa 1 gawanya kwa x zinatoa logi ya x bila zile fito mbili za thamani halisi, kwa sababu zinafikiria namba changamano. Mwanafunzi akinakili kutoka kwenye skrini atakosa alama, na atakuja kubishana nawe akiwa ameshika simu mkononi.

Sasa tutoke darasani. Reli ya TAZARA inapopanda kutoka Mlimba kuja Makambako inapita mahandaki na kona nyingi. Kwa jumla, treni haiwezi kutoka kwenye mstari mnyoofu na kuingia ghafla kwenye kona ya duara. Itawatupa abiria upande mmoja. Wahandisi wa reli huweka katikati mkunjo wa mpito, ambao ukali wake unaongezeka taratibu kadiri unavyosonga mbele. Mkunjo mmoja wa namna hiyo ni klothoidi, na ukitaka kujua nukta zake ziko wapi unaangukia kwenye intigrali ya sin ya x mraba. Hiyo haina jibu kwa fanksheni tulizozizoea. Mathematica inajibu kwa fanksheni ya Fresnel, ambayo ni jina maalumu la intigrali ya namna hii. SymPy nayo inataja Fresnel, ila inaburuta na fanksheni mbili za gama ambazo ukizigawanya zinabaki 4 kwa 3 tu. Maxima inaleta fanksheni ya kosa, ile ya watu wa takwimu, yenye namba za kufikirika ndani yake. Ukizitazama utaapa kwamba mbili kati ya hizo zimekosea. Weka mipaka 0 na 1, omba desimali: zote zinatoa 0.31027. Usilinganishe sura za majibu. Weka namba, au fanya difrensiesheni, kinyume cha intigresheni, uone kama unarudi kwenye sin ya x mraba.

Suala la fedha. Maxima na SymPy ni za bure. Mathematica na Maple ni za leseni ya kulipia, na kazi zake ni nzuri, sitawadanganya. Chuo chako kikikupa leseni, itumie. Swali langu ni faili zako zitafunguliwa na nani baada ya wewe kuhitimu na kupangiwa shule Makete. Zile zilizovunjwa leseni mnazopeana kwenye flashi siziongelei; zina virusi, na si zenu.

Tena kulipia si dhamana ya kudumu. Derive, programu nyingine ya aljebra, ilipendwa sana na walimu. Texas Instruments waliacha kuiuza mwaka 2007. Nyingine, MuPAD ya Paderborn, Ujerumani, ilinunuliwa mwaka 2008 na MathWorks, wenye programu ya MATLAB, ikamezwa ndani ya MATLAB. (MATLAB yenyewe kiasili ni ya namba, kama mwenzake wa bure Octave. Usiichague kwa aljebra ya herufi kwa sababu tu jina lake unalisikia kila mahali.) Maxima kwa upande wake inatokana na Macsyma iliyoanza MIT mwaka 1968. Mwanahisabati William Schelter aliitunza nakala moja kwa miaka mingi, na mwaka 1998 akapata kibali cha kuitoa iwe huria. Alifariki mwaka 2001, watu wengine wakaendelea nayo mpaka leo.

Kwa wanaokwenda mbali zaidi nitapita haraka. Kumuuliza mtu programu bora ni sawa na kumuuliza fundi wa Mafinga msumeno bora. Atakuuliza kwanza unapasua mbao gani. Nadharia ya makundi, GAP. Nadharia ya namba, PARI/GP. Polinomia za vigeu vingi, Singular au Macaulay2. SageMath inakusanya nyingi za hizo chini ya Python, ila ni kubwa sana kwa bando la simu, na kwenye Windows inahitaji uweke mazingira ya Linux kwanza.

Nimesikia swali la dada pale nyuma: kwenye mtihani wa taifa wa NECTA hakuna kompyuta, sasa ya nini? Ya kwako wewe mwalimu, kabla ya mtihani. Una wanafunzi 60 na wote wanaigiliziana. Anza na majibu, yaani chagua vipeuo vya mlinganyo unavyovitaka, iambie mashine izidishe mabano, na kila mtoto apate mlinganyo wake wenye majibu safi. Kwa mkono ni kazi ya jioni nzima.

Ushauri wangu wenyewe ni huu. Ambaye hajawahi kuandika programu aanze na Maxima kupitia wxMaxima, maana menyu zake zinasaidia. Anayejua Python kidogo achukue SymPy, ila akumbuke kwamba akiandika 1/3 kavu Python itaigeuza desimali kabla SymPy haijaiona, aandike Rational(1,3). Mwenye simu ya Android tu anayo Maxima ya simu, na ikishawekwa haihitaji intaneti.

wxMaxima ya Windows ninayo hapa mbele, mwenye flashi aje. Wa simu, pakueni sasa hivi kabla hawajazima Wi-Fi ya ukumbi.