Bahari Inapobadilisha Urefu wa Mnara

Mabibi na mabwana,

Anayepima njia ya mawimbi ya redio baharini huanza kwa kuandika daftarini urefu wa antena ya mnara na ule wa antena ya chombo, kisha hazigusi tena namba hizo. Hoja yangu leo ni kwamba namba ya kwanza haitulii hata saa moja.

Tuchukue antena ya mnarani iliyo mita 20 juu ya maji, ya chombo mita 5, na masafa ya gigahetsi 5, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 6. (Mtaniwia radhi: leo neno wimbi linabeba mizigo miwili.) Mwali mmoja hufika chomboni moja kwa moja, wa pili hugonga maji kwanza na, kwa kuwa huyagusa kwa pembe ndogo mno, huakisiwa na karibu nguvu zake zote, ila umepinduka, kilele kimekuwa bonde. Njia zao zikitofautiana kwa urefu wa wimbi moja kamili, miali hiyo hufutana. Kwa vipimo vyetu, hilo hutokea umbali wa kilomita 3.3 hivi, ilhali chombo kilicho mbali maradufu, kilomita 6.7, hupokea vizuri kabisa. Nahodha akilalamika kwamba mawasiliano hukatika anapoikaribia pwani, msimcheke.

Sasa maji yajae mita 3. Chombo huelea, hivyo antena yake inabaki mita 5 juu ya maji; mnara hauelei, nao umebaki na mita 17. Mahali pa kufutana pamesogea hadi kilomita 2.8, na hakuna aliyegusa kifaa. Aliyepima asubuhi maji yamekupwa, akarudia alasiri yamejaa, kisha akachanganya data zote katika jedwali moja, atapata mchoro laini usio na shimo lolote, na tofauti zinazosalia ataziita za kubahatisha. Kumbe lilikuwa bamvua.

Bahari si kioo, nakubali. Kwa kigezo cha Rayleigh, kinachoamua kama uso ni laini machoni pa wimbi la redio, kwenye kilomita 3.3 maji yenye mawimbi yasiyofika mita 1 bado huhesabiwa laini. Kwenye nusu kilomita kikomo hushuka hadi sentimita 15, kwa hiyo karibu na mnara mwali wa pili hutawanyika na modeli ya miali miwili huanza kuyumba.

Ninachoomba ni safu moja zaidi katika jedwali: kimo cha maji wakati wa kila kipimo. Saa ya kawaida inatosha kuutaja wakati huo. Saa ya rubidi, yaani saa ya atomu yenye usahihi mkubwa mno, tuiachie kazi ya kulinganisha mtambo unaotuma na ule unaopokea.