Babu Alikufa kwa "Phthisis": Kusoma Vyeti vya Vifo vya Zamani

KASSIM: Shikamoo, Bi Mwanaidi.

MWANAIDI: Marahaba, mwanangu. Naona leo umekuja na karatasi.

KASSIM: Nimekuja nayo. Wasikilizaji wetu, karibuni. Hii ni nakala ya cheti cha kifo cha baba yake babu yangu. Alitoka Unguja na meli, hakurudi tena. Nyumbani tumekua tukiambiwa alikufa maji. Kumbe alifia kitandani, Cardiff, mji wa bandari kule Wales, mwaka 1911.

MWANAIDI: Innalillahi. Hebu nisomee, taratibu, safu moja baada ya nyingine.

KASSIM: Siku na mahali alipofia. Jina, ambalo wameliandika walivyolisikia. Mwanamume, miaka 38. Kazi: "Marine fireman". Hapo mimi nilijua ni zimamoto, na nikawatangazia ukoo mzima. Mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia ndiye aliyenisahihisha. Meli za zamani zilikwenda kwa mvuke, na "fireman" wa melini ni yule anayekaa chini kabisa, akilisha tanuru makaa ya mawe usiku na mchana.

MWANAIDI: Si mzima moto, ni mchochea moto.

KASSIM: Ndiyo hivyo! Sasa sababu ya kifo. Herufi zenyewe zilinichukua jioni nzima. "Phthisis, 8 months. Exhaustion. Certified by", halafu jina la daktari.

MWANAIDI: Neno hilo limewatoa jasho wengi. Asili yake Kigiriki, maana yake mwili kukonda na kwisha. Mara nyingi ni ugonjwa tunaouita kifua kikuu. Hiyo miezi minane ni muda aliougua. Na kule kuchoka ni mwisho wake, mwili umeishiwa nguvu.

KASSIM: Basi kwenye kitabu cha ukoo niandike TB.

MWANAIDI: Hapana, usiandike hivyo. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na hili naliona kila mara watu wakileta karatasi za wazee wao. Daktari Mjerumani, Robert Koch, alitangaza kumwona mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882. Kabla ya hapo daktari alikuwa na macho na masikio yake tu: huyu anakohoa, anatema damu, mbavu zinahesabika. Na hata baadaye, si kila mgonjwa aliyepimwa makohozi. Tena kuna jambo jingine. Kule Afrika Kusini, kwenye migodi ya dhahabu, walikuwa na "miners' phthisis", na hiyo ilikuwa vumbi la mawe lililotia makovu mapafuni. Neno lile lile, ugonjwa mwingine.

KASSIM: Na huyu wangu alikuwa mtu wa makaa.

MWANAIDI: Ndiyo maana nakuambia nakili kama ilivyo, herufi kwa herufi, na miezi yake minane. Maelezo yako yaweke pembeni, useme "huenda".

KASSIM: Lakini inaniuma kidogo. Nilitaka jibu.

MWANAIDI: Jibu unalo. Fikiria bibi yako anakusimulia msiba. Atakuambia mtoto alipatwa na degedege. Degedege ni nini? Ni kile alichokiona, mtoto anakakamaa, macho yanageuka. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Cheti cha Kiingereza cha wakati ule kitaandika "Convulsions", na chenyewe kinasimulia kilichoonekana. Wengine waliandika "Teething", ati mtoto kafa kwa kuota meno. Meno hayaui mtoto. Ila ndiyo miezi ambayo homa na kuhara viliwachukua wengi, na mama aliona meno.

KASSIM: Na "Dropsy"? Msikilizaji mmoja ametuuliza.

MWANAIDI: Kuvimba maji. Miguu, tumbo, uso. Chanzo kinaweza kuwa moyo, figo au ini, cheti hakisemi. "Apoplexy" ni mtu kuanguka ghafla, mara nyingi ni kiharusi. Na ukikuta "Visitation of God", huyo alikufa ghafla na waliochunguza hawakuona sababu. Sisi tungesema amri ya Mungu, na tungeelewana.

KASSIM: Hata wenyewe walikuwa wanachanganyikiwa?

MWANAIDI: Sana. Uandikishaji wa vifo wa serikali kule Uingereza na Wales ulianza Julai 1837. Miaka miwili tu baadaye William Farr, mtakwimu wao, alilalamika kwamba ugonjwa mmoja una majina matatu au manne. Akatumia maisha yake kuyapanga. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon akatoa orodha ya mataifa, na ya leo ya Shirika la Afya Duniani imetokana na hiyo.

KASSIM: Kuna moja nilitaka kukuuliza faragha, lakini acha niulize hapa. "General paralysis of the insane".

MWANAIDI: Hiyo ilikuwa kaswende iliyokaa mwilini miaka mingi hadi ikafika kwenye ubongo. Penisilini haikuwapo. Ukiikuta kwa mzee wako, usiisome mbele ya watu kwenye arusi. Kaa na wakubwa wa ukoo kwanza. Aliyeugua vile aliteseka sana, anastahili kusemwa kwa upole.

KASSIM: Nashukuru. Sasa kuna safu nyingine, ambayo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Panapoandikwa jina la mtoa taarifa, hakuna mke, hakuna ndugu. Kuna jina la mwanamume mwenye jina la kwetu kabisa, na mbele yake wameandika "causing the body to be buried".

MWANAIDI: Yaani ndiye aliyesimamia maziko.

KASSIM: Ndiye. Na alama ya msalaba, kwa sababu hakujua kuandika kwa herufi zile. Anwani yake ipo.

MWANAIDI: Subhanallah. Basi alizikwa na mtu wa kwao.

KASSIM: Kaburi halitajwi, vyeti vyao havisemi mtu kazikwa wapi. Lakini tarehe ninayo. Wiki hii nawaandikia wanaotunza rejista za makaburi ya mji ule, waangalie siku tano baada ya kifo.

MWANAIDI: Watajie na namna zote ambazo jina lake lingeweza kuandikwa.

KASSIM: Nimeshafikisha namna saba.