Kumulika saratani mezani: mhadhara kwa wauguzi na madaktari, Tanga

Waheshimiwa madaktari, wauguzi, na nyinyi wanafunzi mliobanana kule nyuma, asalaam aleikum na habari za jioni.

Daktari wa upasuaji huutambua uvimbe kwa vidole: mgumu, umeshika. Lakini mabaki ya saratani ya ovari juu ya utando wa tumbo huweza kuwa kama punje ya uwele, laini, rangi ileile ya nyama ya jirani. Hapo vidole vinapita tu.

Aliyepiga kasia ghubani usiku wa giza ameona maji yakimetameta. Yale yanawaka yenyewe. Dawa ninazozizungumzia leo, za kuing'arisha saratani ili daktari aione akiwa anapasua, haziwaki mpaka zimulikwe kwa mwanga wa aina moja, ndipo hurudisha wa aina nyingine.

Nitakaa zaidi na pafolasianini, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2021 kwa saratani ya ovari. Ni rangi iliyofungwa kwenye kitu kinachofanana na foleti, aina ya vitamini B. Seli nyingi za saratani hiyo zimejaa vipokezi vya foleti, yaani viti vya kuipokea, basi huivuta rangi ndani. Dozi ni miligramu 0.025 kwa kilo. Mama wa kilo 60 anapata miligramu 1.5 tu. Huchanganywa na mililita 250 za dripu ya glukosi asilimia 5, ikaingia kwa dakika 60, saa 1 hadi 9 kabla ya upasuaji. Jicho tupu halioni kitu. Inayoona ni kamera ya infraredi.

Kinachoiharibu kazi hii mara nyingi hakimo chumba cha upasuaji. Kimo mkobani mwa mgonjwa: FEFO, vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Asidi hiyo ya foliki, ambayo ni foleti ya kidonge, hukalia vipokezi vilevile, rangi ikifika inakuta viti vimejaa. Vidonge hivyo visimame saa 48 kabla. Na muulize kwa maneno yake: "Mama, unameza vidonge vya kuongeza damu?" Ukimuuliza habari za foleti atasema hapana, wala hakudanganyi.

Kwa uvimbe wa ubongo aina ya glioma kuna dawa ya kunywa, asidi ya aminolevulini, miligramu 20 kwa kilo, kama saa 3 kabla ya dawa ya usingizi ya upasuaji. Chini ya taa ya buluu uvimbe hung'aa mwekundu. Ila ngozi na macho ya mgonjwa yakingwe na mwanga mkali kwa saa 48, na kwa jua letu la Januari, kitanda cha dirishani hakimfai.

Indosianini ya kijani, rangi nyingine ya sindano, inajulikana zaidi. Neno moja tu: iyeyusheni kwa maji safi ya sindano, si ya chumvi, maana kwenye chumvi huganda chembechembe. Ndani ya saa 6 itumike au imwagwe.

Sasa onyo. Kung'aa si saratani. Tezi ya limfu yenye uchochezi hung'aa pia, kwa sababu seli zake za ulinzi nazo zina vipokezi vya foleti. Na uvimbe uliozama zaidi ya sentimita moja hivi hautaonekana, hata damu iliyotuama juu yake huuficha. Kwa hiyo kila kipande kiende patholojia, maabara inayothibitisha saratani: kilichong'aa kwenye chupa yake ya formalini, kisichong'aa kwenye yake, na lebo iandikwe palepale mezani, si baadaye koridoni.

Haya, maswali. Dada wa mbele pale amenyoosha mkono tangu nilipotaja FEFO.