"Andika Mwenyewe, Mimi Nitasaini": Barua ya Bosi Kwenye Maombi ya MBA

JUMA: Shikamoo dada Rehema.

REHEMA: Marahaba, Juma. Wasikilizaji karibuni. Mvua inapiga mabati hapa Sinza, mtatuvumilia. Leo ni maombi ya MBA, shahada ya uzamili ya biashara, hasa ile barua ya bosi ya kukupendekeza, na nilimwambia Juma tusianze na GMAT, mtihani wa kuombea shule hizo.

JUMA: Nikagoma. Kila anayenitumia meseji anauliza GMAT.

REHEMA: Haya, tuimalize. Toleo jipya lilikuja mwishoni mwa 2023. Unakaa saa 2 na dakika 15, sehemu tatu: hesabu, lugha, na uchambuzi wa data. Alama zinaanzia 205 hadi 805, matokeo yanadumu miaka 5. Ukikuta kitabu cha mtumba kinakwambia mwisho ni 800, kirudishe kwa mwenyewe. Na shule nyingi zinapokea GRE vilevile, ule mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili.

JUMA: Na GPA, wastani wa alama za chuo? Kuna jamaa ana 3.8 ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaomba Mungu Wamarekani waisome kama 3.8 kati ya 4.

REHEMA: (anacheka) Aandike 3.8 kati ya 5, kama ilivyo kwenye transkripti. Asigeuze chochote. Wale wanasoma maombi ya dunia nzima, mfumo wetu si mgeni kwao. Sasa naomba tuingie kwenye barua ya bosi, maana huko ndiko vijana wetu wanakoangukia.

JUMA: Unaenda kwa bosi na heshima zote, unamweleza, anakujibu bila kuinua macho: "Andika mwenyewe, niletee nisaini."

REHEMA: Na anadhani amekusaidia! Kwa barua ya benki au ya kupangia nyumba, sawa. Kwa shule za biashara, hapana. Kwanza hakuna karatasi ya kusaini. Shule inamtumia yeye kiungo kwenye barua pepe yake, anajaza fomu mwenyewe, anaituma mwenyewe. Pili, sheria zao zinakataza mwombaji kujiandikia.

JUMA: Wengi wanasema, "Watajuaje?"

REHEMA: Msomaji ana insha zako mbele yake, ana barua mbili pembeni. Zote tatu zina sauti moja, zote zinasema wewe ni "kiongozi mwenye maono", koma zimekaa palepale. Lakini hata usipokamatwa, umepoteza. Hujui bosi wako anakuonaje. Utaandika sifa za jumla, kwa sababu wewe unaona aibu kujisifu kwa undani, na yeye angeweza kusema kitu ambacho wewe umeshakisahau.

JUMA: Kwani fomu inauliza nini?

REHEMA: Shule nyingi zinatumia fomu inayofanana. Kuna maswali mawili mazito. La kwanza: utendaji wake ukilinganisha na wenzake wa nafasi kama hiyo, ukoje, toa mifano. La pili: eleza ushauri mzito kuliko wote uliowahi kumpa ili ajirekebishe, ilikuwa mazingira gani, na aliupokeaje.

JUMA: Hilo la pili bosi wa Kibongo atajibu, "Huyu kijana hana kasoro."

REHEMA: Au, "Kasoro yake anapenda kazi kupita kiasi." Anaona akitaja udhaifu atakuharibia, kumbe anakuharibia kwa kutotaja. Wale hawatafuti malaika. Wanataka mtu anayeambiwa na kubadilika, maana darasani ataambiwa kila siku. Pale Harvard somo linaendeshwa kwa kesi: mnapewa mkasa wa kampuni, unasema msimamo wako, mtu wa tatu nyuma yako anaubomoa mbele ya watu tisini.

JUMA: Hebu tupe mfano unaoshikika.

REHEMA: Tuseme binti yuko kampuni ya klaringi, ya kutoa mizigo ya wateja bandarini, pale karibu na bandari. Bosi akiandika "ni mchapakazi, mwaminifu, ana ushirikiano", hiyo inamfaa mtu yeyote, hata mlinzi wa geti. Sasa aandike hivi: kontena zilikuwa zinakwama kwa sababu nyaraka za mteja zinafika pungufu, tunalipa storeji, gharama ya mzigo kukaa bandarini, ambayo si yetu. Huyu binti akaanza kuwapigia wateja kabla meli haijafika, akatengeneza orodha ya ukurasa mmoja, leo ofisi nzima inaitumia. Halafu kwenye lile swali la pili: nilimwita nikamwambia, unafanya kazi za wenzako badala ya kuwafundisha, siku ukiugua tunafunga ofisi. Alinuna siku mbili. Baadaye akampa kijana wa chini yake mteja mkubwa, yeye akakaa pembeni.

JUMA: Hapo kwenye kununa nimemwamini bosi.

REHEMA: Ndiyo! Kununa hakubuniki kirahisi.

JUMA: Lakini dada, bosi mwenyewe hana muda. Asubuhi yuko kwenye foleni ya Mwenge, mchana vikao, jioni simu haishikiki. Nimkamateje?

REHEMA: Omba nusu saa, mwezi na nusu kabla. Nenda na ukurasa mmoja: shule gani, tarehe gani, kwa nini sasa, na matukio manne au matano mliyofanya pamoja, kwa ufupi tu, ya kumkumbusha. Sifa usiandike, hizo mwachie. Halafu msomee maswali, umuulize, "Bosi, unakumbuka uliniambia nini?" Nyamaza. Ataongea.

JUMA: Na kama kuandika ndiyo hapendi kabisa? Kuna wazee wana biashara kubwa Kariakoo, wanaendesha kila kitu kwa simu.

REHEMA: Basi azungumze. Arekodi voisi ya WhatsApp akiwa kwenye gari, amtumie katibu muhtasi wake achape, yeye aipitie, aitume. Maneno ni yake. Kiingereza kikimsumbua, amtafute mtu wa kumsaidia, ila mtu huyo asiwe wewe, na kwanza someni masharti ya shule husika kuhusu tafsiri.

JUMA: Kuna jingine. Mtu ana mjomba mheshimiwa. Kwa nini ahangaike na meneja wa tawi?

REHEMA: Mheshimiwa atasema anaifahamu familia yenu vizuri na wewe ni kijana mwenye nidhamu. Asante mjomba. Meneja wa tawi amekuona siku mfumo umeanguka na wateja wamejaa mpaka barazani. Chukua meneja.

JUMA: Na yule ambaye bosi akijua anataka kuondoka, mkataba hauongezwi?

REHEMA: Hofu hiyo ni ya kweli, siidharau. Shule nazo zinaijua. Nenda kwa bosi wa zamani, au mteja mkubwa, au mtu mliyeongoza naye mradi, halafu kwenye ile nafasi ya maelezo ya ziada andika sentensi mbili kwa nini hukumtumia bosi wa sasa. Sentensi mbili, usianze kumlaumu mtu huko.

JUMA: Twende kwenye tarehe.

REHEMA: Awamu ya kwanza ya shule nyingi za Marekani ni Septemba, ya pili mwanzoni mwa Januari. Ya tatu mimi simshauri Mtanzania: ufadhili mwingi umeshagawiwa na viza inataka muda wake. Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, nayo ina kalenda yake na inataka uwe na saa 2,800 za kazi, na ukimaliza urudi nyumbani miaka 2. Na angalieni saa. Harvard wanafunga saa sita mchana ya Boston. Septemba hiyo ni saa moja jioni hapa, Januari ni saa mbili usiku. Barua za mabosi nazo ziwe zimeingia kabla ya hapo.

JUMA: Sasa imebaki wiki moja, mzee hajatuma. Unamkumbushaje mkubwa bila kumkosea adabu?

REHEMA: Mpe sababu, si lawama. Mwandikie: "Shikamoo bosi. Pole na majukumu. Nimetuma sehemu yangu ya maombi leo. Fomu yako inafungwa Jumanne ijayo saa moja jioni. Kiungo kiko kwenye barua pepe iliyotoka chuoni, kama haionekani angalia kwenye spamu. Naweza kupita Ijumaa asubuhi kama kuna kitu kinahitaji ufafanuzi?"

JUMA: Kwa hiyo unajikaribisha ofisini.

REHEMA: Unajikaribisha ofisini, tena mapema, kabla hajaanza vikao.

JUMA: Na akijibu "poa" tu?

REHEMA: Usilale kwa hiyo "poa". Ingia kwenye akaunti yako ya maombi, utaona kama barua yake imepokelewa au bado. Kama bado, Ijumaa uko mlangoni kwake.