Mtumiaji Hajasoma Mpango Wako

Habari za jioni jamani. Naona watu wa dizaini mmejaa mbele, madevelopa wako kule nyuma karibu na chai, na wa huduma kwa wateja wamekuja wawili tu, na hao ndo ninaowataka kuliko wote leo.

Nianze na M-Pesa, maana humu ndani kila mtu anaitumia ila wengi hawajui ilianzaje. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone walianza majaribio Kenya, Nairobi na Thika, pamoja na taasisi ya mikopo midogo inaitwa Faulu, na sehemu ya hela ilitoka serikali ya Uingereza. Sasa sikilizeni, wazo la mwanzo halikuwa kumtumia mama hela kijijini, wazo lilikuwa mkopaji apokee mkopo kwenye simu na alipe marejesho kwenye simu, basi. Wateja wenyewe hawakufika hata 500.

Wale wateja wakaanza mambo yao. Mtu anasafiri, anaweka hela kwa wakala huku anatoa kule anakokwenda, asitembee na noti mfukoni. Wafanyabiashara wakawa wanalipana wenyewe kwa wenyewe. Wengine benki zimeshafungwa, mauzo ya jioni wanayalaza kwenye simu mpaka asubuhi, na kuna waliokuwa wananunua muda wa maongezi wanaurusha kwa ndugu wa mbali. Mikopo ndo iliyowekwa kwenye mpango, haya mengine yalijileta. Machi 2007 huduma ilipozinduliwa rasmi mkopo haukuwa tena habari ya mbele, tangazo lilikuwa tuma pesa nyumbani, na 2008 ikaingia huku kwetu Tanzania kupitia Vodacom.

Watu wakisimulia hii stori wanaishia kusema "msikilize mteja". Mi hapo siridhiki. Mfumo unaandika hela imeingia Nairobi saa tatu imetoka Thika saa tano, haukuandikii kwamba huyu mtu anaogopa kuibiwa kwenye matatu, hilo mpaka mtu aende akaulize, na akishauliza alete jibu kwa yule anayeangalia mfumo, la sivyo kila mmoja anabaki na nusu yake.

Chukua hii yetu ya kila siku, "nitumie na ya kutolea". Mtu wa data anafungua miamala anakuta watu wanatuma elfu ishirini na vijisenti juu yake, namba zimekaa hovyo hovyo, anaanza kuhisi labda watu wanakosea kuandika, pengine anashauri tuweke vitufe vya elfu kumi, ishirini, hamsini ili kupunguza makosa. Dizaina anaona wazo zuri anachora, kazi imeisha. Dada wa huduma kwa wateja angekuwepo kwenye hicho kikao angecheka tu, maana yeye kila siku anapigiwa na watu wanaouliza makato ya kutoa kiasi fulani ni shingapi ili waongezee. Kwahiyo kinachotakiwa pale ni kumwonyesha mtumaji makato ya mpokeaji kabla hajathibitisha, vitufe vyenu vingemsumbua tu.

Au nendeni mkasimame kwenye kibanda cha wakala nusu saa. Utamwona bibi anatoa simu kwenye khanga, anampa wakala simu, anamtajia na namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. Ukimwuliza mtu wa usalama wa mfumo atakwambia tatizo ni elimu, tuweke onyo jekundu. Lakini angalieni vizuri, maandishi ni madogo, menyu ina hatua kibao, ukichelewa kidogo inakutupa nje unaanza upya na watu nyuma wanaguna. Onyo jekundu analisoma nani hapo?

Ndo maana ninaomba msimtume mtafiti peke yake halafu alete slaidi arobaini. Developa aende, wa huduma kwa wateja aende, bosi naye akipata nafasi aende, kila mtu aandike alichoona kwa macho kabla hajaandika anachodhani, maana hivyo viwili tunavichanganya sana, halafu mbishane siku hiyo hiyo.

Na msiende katikati ya mwezi wakala amekaa anachat tu, nendeni mishahara ikitoka. Fulana za kampuni acheni ofisini, watu wakiziona wanaanza kuwajibu kwa adabu.

Haya, maswali. Tuanze na huyo wa kwenye chai.